Susu Anamngoja Muthama

Kasikeu,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako kaka yangu Muthama,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha leo. Habari za huko Lodwar, za joto na vumbi? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua, umepata nafuu? Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Mvua ilinyesha mara mbili ikatuaga, lakini mbaazi zimeshika na ng'ombe wanapata cha kutafuna. Mama yupo. Mwanao Kitheka yupo. Mimi dada yako nipo pia, ila nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Nimekupigia simu sana na kila mara naambiwa hupatikani. Najua huko mnakochimba visima hakuna mtandao. Ndiyo maana barua hii nampa Ndolo, yule dereva wa kampuni yenu anayekuja Emali kupakia mabomba. Halafu, nikwambie ukweli, haya si mambo ya simu. Simu ungeikata. Barua utaikunja kwa hasira, lakini najua utaifungua tena.

Unakumbuka Kitheka alivyokaa baada ya kumaliza kidato cha nne. Alijaribu boda boda ya mtu, akajaribu kibarua cha kuchuma machungwa, akajaribu kuchimba mchanga, na kila alipoenda alikuta vijana wengine wamemtangulia. Ukamtumia ile simu nzuri, ukasema mtoto asiye na mama apate angalau kitu cha kumchangamsha. Sikulaumu. Hata mimi nilifurahi siku ile.

Na mwanzo wake ulikuwa mwema. Kitheka alimrekodi Mama akimsimamisha kijana mmoja aliyepita na suruali iliyochanika magotini, ile wanayonunua ikiwa imechanika tayari. Mama hakujua ni fasheni. Alimwambia kwa Kikamba aketi amshonee, kwamba hata kama nyumbani kwao hakuna mwanamke, kijiji hakijaishiwa na sindano. Kijana akaketi kweli, na Mama akashona. Watu waliipenda video hiyo mpaka Nairobi, mpaka Mombasa. Wakamwita Susu wa Kasikeu, kwa sababu ndivyo Kitheka anavyomwita nyanya yake. Wageni wakaanza kuja kupiga picha naye. Mwenye duka la sabuni wa Emali alileta katoni, akamwomba aishike tu mbele ya simu. Mama akawa anacheka nao na kuwapakulia muthokoi, na Kitheka akatembea kifua mbele sokoni kama mtu mwenye kazi.

Lakini wale watu wa kwenye simu hawashibi, kaka. Waliochekeshwa leo, kesho wanataka kikali zaidi. Kitheka akaanza kumtegea Mama. Mara alimwambia mbuzi wake wameuzwa, akamrekodi akilia. Mara alivaa uso wa plastiki akajificha ghalani. Nilipopata habari nilimpigia simu nikamgombeza. Akanijibu kwa upole, "Anti, hiyo ni kontenti tu. Susu mwenyewe anacheka." Nami, unajua nakaa Emali kutoka Jumatatu hadi Jumamosi nikiuza ndengu, nikaamini.

Wakati huo Mama alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai. Aliniita mimi kwa jina la shangazi yetu marehemu. Nikasema ni uzee. Kitheka aliona mapema kuliko mimi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akishinda naye. Asubuhi moja alimwambia kwa mzaha kwamba wewe, Muthama, unarudi leo. Mama akaoga, akavaa gauni lake la kanisa, akaweka kiti nje ya lango akatazama barabara mpaka jua likashuka. Kesho yake hakukumbuka. Kitheka akamwambia tena, naye akaoga tena, akavaa tena, akatoa kiti tena kwa furaha ileile. Kitheka akawa anarekodi kila siku.

Mimi niliiona video hiyo kanisani. Katunge, mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama, alikuwa anawaonyesha wenzake nje baada ya ibada, wote wanacheka. Akanigeuzia simu bila kufikiri, akisema, "Kavindu, hebu mwone mama yako." Alipoona uso wangu akaizima, lakini nilikuwa nimeshaona. Kila gari likipita Mama anainuka kidogo na kuuliza, "Ni yeye?" Na chini mtu ametia muziki wa kuchekesha.

Kuna jambo jingine ambalo ni chungu kuliandika. Jina lako limekuwa msemo. Kijana wa hapa akiahidi kitu na hana nia ya kukitimiza, wenzake wanasema anakuja kama Muthama. Nimelisikia sokoni kwa watu wasiojua kuwa Muthama ni ndugu yangu. Nimelisikia kwa watoto wa Sunday school. Labda hata huko Lodwar limekufikia, ukacheka bila kujua ni wewe.

Nilirudi nyumbani Jumapili hiyo nikamketisha Kitheka. Nilimwambia maneno mengi, mengine sikupaswa kuyasema kwa mtoto wa marehemu Wavinya. Kisha akasema, "Anti, nikimwambia baba anakuja, Susu anaamka mwenyewe. Anaoga, anamaliza chakula. Nisipomwambia anageukia ukuta." Nikamjibu kwamba hayo angeweza kuyafanya bila simu mkononi, na kwamba asijifiche nyuma ya sahani ya Mama. Akaahidi kuacha. Akaacha siku chache, wafuasi wakamwandikia Susu yuko wapi, naye akarudi kulekule.

Basi Jumatano moja Kitheka alimwambia tena kwamba unakuja, akamrekodi pale langoni, akaingia ndani kuitengeneza video. Mama, sijui kichwa kilimpeleka wapi, akaamua akupokee stesheni ya Emali kama zamani. Akaenda barabarani peke yake. Kijana wa boda boda akamtambua, akambeba bure mpaka Emali kwa sababu ni Susu wa kwenye simu, akapiga picha naye, akamwacha pale.

Kitheka alipotoka alikuta kiti kitupu. Alizunguka mashamba yote, akauliza mpaka kisimani, mwisho akanipigia. Halafu akafanya alichojua kufanya. Alijirekodi akilia, akawaomba watu wote waliokuwa wakimtazama wamsaidie kumtafuta nyanya yake, kwamba amepotea na anasahau njia. Kaka, walicheka. Waliandika kwamba kijana sasa amekomaa, anajua hata kutoa machozi. Wengine waliandika kwamba Susu ameenda Lodwar kumfuata Muthama mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeinuka. Kitheka alikuwa akinisomea maneno hayo kwenye simu, na mimi niko katikati ya soko nimeacha magunia yangu wazi, sijui nianzie wapi.

Aliyemwona ni Hasina, mama mmoja wa Kiislamu anayeuza chai karibu na stesheni. Hasina hatazami video hizo, simu yake ni ya vitufe. Aliona tu mwanamke mzee kwenye jua, amevaa gauni zuri, miguu imejaa vumbi, midomo imekauka. Alimwingiza kivulini, akamnywesha uji, akamuuliza anatoka wapi. Mama akasema anamngoja Muthama wa Kasikeu. Hasina akafunga kibanda chake, akaja sokoni akiuliza ni nani wa Kasikeu aliyepotelewa na mama, akaacha habari kwa wachuuzi wenzangu, akarudi upesi kwake. Nilipofika nilikuta Mama amelala kwenye benchi, leso ya Hasina chini ya kichwa. Magharibi ilikuwa imeingia, na Hasina alikuwa ameswali hapohapo kando yake asimwache peke yake.

Baadaye tuliziona picha. Watu wengi walipiga picha na Mama siku hiyo Emali, wakaziweka mitandaoni, wamemkumbatia, wanatabasamu. Ukitazama vizuri utaona Mama ameshika ukuta asianguke. Hawakumuuliza amekuja na nani. Nimejaribu kuwachukia nikashindwa, kwa sababu wengine ni watoto wa majirani, wana adabu zao, wakinikuta na mzigo wananipokea. Ila mtu wakimwona kwenye kioo kile cha simu, ni kama hana tena njaa wala kiu.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, si uzee tu, na dawa zitapunguza mwendo wake lakini hazitaurudisha nyuma. Kitheka aliketi kwenye benchi la nje akafuta kila kitu, video zote, hata ile ya kushona suruali ambayo mimi ningependa ibaki. Sikumwambia afute. Siku hizi ndiye anayemwosha Mama miguu na kumpeleka chooni. Haongei sana. Vijana wenzake wanampitia hapa kumwambia alikuwa ameshatoboa, akaacha ugali mdomoni. Anawasikiliza, halafu anaenda kuchota maji. Ukipata mtandao, usimpigie kwa ukali, kaka. Mpigie kama baba.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa kufika. Baada ya video kukoma, Mama alikataa kula. Nilifunga biashara nikarudi nyumbani kumhudumia. Nilimsihi, nilimpikia mboga za kunde anazozipenda, Mchungaji Musyimi akaja akamwombea. Aligeukia ukuta. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Asubuhi moja nilikuwa nimeshika kijiko cha uji, mkono umechoka, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, amka. Muthama anakuja leo."

Akaamka. Alikunywa uji wote. Akataka maji ya kuoga.

Tangu siku hiyo namwambia kila asubuhi. Ni mimi, Kavindu, niliyemfokea mwanao kwa sababu ya maneno yaleyale, mzee wa kanisa, mwalimu wa watoto wa Jumapili. Sirekodi, hakuna anayecheka, lakini jioni nikirudisha kile kiti ndani na yeye ananiuliza labda barabara imeharibika, nashindwa kujitenga na wale niliowalaani. Juzi Kitheka alinisikia. Akasimama mlangoni akasema, "Anti, usimdanganye," akatoka nje.

Kwa hiyo sikuandikii kukulaumu. Najua kazi ya huko, na najua kwa nini mtu aliyemzika mke hapa anaona njia ya nyumbani ni ndefu. Nakuomba kitu kimoja. Omba ruhusa uje, hata kwa siku mbili, hata kama kesho yake atakuwa amesahau kwamba ulikuja. Nataka nimwambie asubuhi moja kitu cha kweli.

Kitheka anakusalimu. Majirani wote wanakusalimu, na Katunge ameniomba nikwambie anaona haya. Hasina wa Emali anakutumia salamu ingawa hakujui, na anasema ukishuka stesheni chai yako iko kwake. Nilipomuuliza Mama kama ana salamu za kukupelekea, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Alisema salamu za nini, na wewe uko njiani.

Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi dada yako,
Kavindu.