Ukuta wa Sebule na Chumba cha Mama Winifred

KAMATI YA UKARABATI WA NYUMBA YA FAMILIA YA GARSIDE, TOTTERDOWN, BRISTOL
Kumbukumbu za kikao cha saba, Jumamosi, 9 Machi 2019

MAHALI: Ngazini. Jiko limekwisha kung'olewa na sebule imejaa mbao, hivyo kila mjumbe alikalia ngazi yake.

WALIOHUDHURIA
Philippa Garside – Mwenyekiti
Alistair Garside – Katibu, na mume wa Mwenyekiti
Imogen Garside – Mjumbe, binti yao
Winifred Oakes – Mwalikwa, mama mzazi wa Mwenyekiti
Bw. Ruddock – Fundi

HAKUHUDHURIA
Fundi bomba. Hakutoa udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilichelewa kwa sababu Fundi alikuwa hajapata chai, na Fundi asiyepata chai hahesabiwi kuwa amefika. Birika lilipatikana bafuni. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu na kumwomba Katibu aache kutabasamu.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Ilisomwa kwamba wajumbe wote walikubaliana "kwa furaha" kubomoa ukuta kati ya sebule ya mbele na chumba cha nyuma, upatikane ukumbi mmoja mkubwa kama walivyofanya majirani wote wa upande wetu wa mtaa. Pia kwamba Mama Winifred, atakayehamia kwetu kwa kuwa ngazi za kwake zimemshinda, atapewa chumba cha chini ya ardhi.

Imogen alipinga neno "furaha". Katibu alieleza kwamba furaha ilikuwa yake, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye kalamu, aliigawa kwa wote. Neno lilifutwa.

KUMB. NA. 3/7: TUNDU
Mwenyekiti alitaka kujua ni nani aliyetoboa ukuta huo kabla ya kikao. Katibu alieleza kwamba asubuhi aliazima nyundo kubwa ya Fundi, baada ya kutazama video ya mwanamke wa Norwich aliyebomoa ukuta wake huku akiimba, akaona ni vyema apige yeye pigo la kwanza. Tundu linatosha kupita kichwa. Jinsi hilo lilivyojulikana haikujadiliwa.

Fundi alisema: "Bwana Alistair, ukuta huo umebeba ghorofa mbili, na chuma cha kuzishikilia sijaweka. Ungeendelea kidogo tu, tungekuzoa kwa koleo." Katibu aliupokea ushauri. Imogen alicheka kupita kiasi.

KUMB. NA. 4/7: CHUMBA CHA MAMA WINIFRED
Mwenyekiti alimuuliza mama yake kama chumba cha chini kitamfaa. Mama Winifred alijibu kwamba yeye popote tu, watu wasijisumbue kwa ajili yake, na kwamba chai ilikuwa nzuri sana. Katibu aliandika "ameridhia", kama ilivyo desturi ya familia hii, akageukia ajenda ya rangi za madirisha.

Imogen aliingilia kati. Mwenyekiti aliagiza maneno yaliyofuata yaandikwe kama yalivyosemwa.

Imogen: "Baba, futa hiyo. Hajaridhia. Kule chini kuta zinatoa jasho, na zile ngazi hata mimi zinanitisha. Na magoti yale, Bibi atashukaje? Hebu muulizeni alikuwa wapi siku ya Jumanne."

Mama Winifred: "Imogen, uliniahidi."

Imogen: "Nisamehe, Bibi. Alikwenda nyumba ya wazee kule Clevedon. Ameshaomba chumba."

Mwenyekiti: "Mama! Kweli?"

Mama Winifred: "Wana bustani nzuri, mwanangu. Ninyi mlishaupania huo ukumbi. Sikutaka kuwa mzigo."

Mwenyekiti: "Sasa mbona hukusema? Nimekuuliza mara ngapi?"

Mama Winifred: "Uliniuliza kama panafaa. Niseme hapafai, na nyumba ni yenu?"

Fundi alikagua buti zake. Katibu aliona aibu ya kweli, kwani alikuwa amekwisha kuchagua kochi la ukumbini.

KUMB. NA. 5/7: UAMUZI
Mwenyekiti alishuka akakaa ngazi moja na mama yake, akamuuliza: "Mama, wewe unataka nini?"

Kabla hajajibu, Katibu alijaribu kusaidia kwa kupendekeza machaguo matatu, akaombwa anyamaze.

"Nakitaka chumba cha mbele," alisema Mama Winifred. "Nione watu wakipita. Na kiwe na mlango unaofungika, maana nyie mna makelele."

Iliamuliwa kwamba ukuta ubaki, sebule ya mbele iwe chumba cha Mama Winifred, choo kidogo kijengwe chini ya ngazi, na Fundi azibe tundu akisaidiwa na Katibu kwa kukaa mbali. Katibu alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono, kwa kuwa alikuwa akifuta macho. Alisema ni vumbi.

Mwenyekiti aliahidi kuwapigia simu watu wa Clevedon Jumatatu.

"Jumatatu mbali," alisema Mama Winifred. "Wapigie sasa."

Mwenyekiti alipiga palepale ngazini. Simu ilipopokelewa alilia, maneno yakakataa kutoka. Mama Winifred aliichukua simu mkononi mwake, akasema: "Ni Winifred Oakes. Kile chumba mpeni mwingine. Mimi nahamia kwa binti yangu."

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 5:40 asubuhi na Katibu, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa bado hawezi kusema.

P. Garside, Mwenyekiti ....................

A. Garside, Katibu ....................