Uso Wangu Katika Kamera Yako

Mpendwa Tata,

Shikamoo, baba yangu. Najua salamu hii haina wa kuiitikia, lakini sijui kuanza nawe kwa namna nyingine.

Jumapili iliyopita nilifungua begi lako la kamera kwa mara ya kwanza tangu tukuzike hapa Nyakasimbi, pembeni mwa kibanja, shamba letu la migomba. Kila kitu kilikuwa kama ulivyokiacha: lenzi umezifunga kwenye soksi nzito, betri za akiba, kitambaa cha kufutia. Mkanda bado unanuka moshi wa jikoni kwetu. Nilikaa sakafuni nikalia.

Kaka alipokuletea kamera hiyo kutoka Bukoba, uliidharau. Ulizoea ile kubwa iliyokuinamisha shingo katika harusi na vipaimara vya kata nzima. Hii ndogo ukasema ni ya kuchezea watoto. Lakini macho yako yalikuwa yamekwisha kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Ukatukataza tusimwambie mtu. Siku hizo ulitutambua kwa sauti tu.

Alasiri moja mama alikuwa akianika kahawa uani. Ukaichukua ile ndogo, ukachungulia, kisha ukaniita. Ukanieleza kwamba kamera kubwa ilikuwa na kioo ndani, ikikuonyesha mambo yalivyo, hafifu kwa macho hafifu. Hii haina kioo; ndani yake mna skrini ndogo inayoing'arisha picha na kuikuza, na kuchora mistari myekundu pembezoni mwa kile lenzi ilichokishika vizuri.

"Mama yako amefunga kilemba cha kijani," ukasema.

Nikageukia migomba ili usinione nikifuta machozi, kana kwamba ungeweza kuyaona.

Tangu hapo tulitembea pamoja, mimi nikibeba begi, nikikubadilishia lenzi, nikikushika kiwiko kwenye ngazi za makanisa. Watu walinisifu kuwa binti mwenye adabu. Hawakujua kwamba bila mimi usingeuona mlango.

Halafu nikaolewa Bugomora. Wazee wa ukoo wakakuonya kwamba baba wa bibi harusi hazunguki na kamera, akae mezani apewe heshima yake. Ukakubali. Lakini baada ya ibada ukaniomba nisimame ukutani, upande wenye mwanga. Ukasogea karibu kabisa, ukainua kamera, na hukubonyeza. Nikadhani betri imekwisha.

"Tata, kuna nini?"

"Subiri kidogo, mwanangu. Sijakuona vizuri miaka mingi. Kumbe umefanana na mama yangu."

Mume wangu, aliyekuwa amesimama kando, akainamisha kichwa. Hakuwa akijua habari za macho yako, na siku ile akajua.

Kiharusi kilikuchukua mvua za vuli zilipoanza. Nilikuwa mjamzito, barabara ya kutoka Bugomora imejaa tope, nikafika umekwisha kulazwa kwenye jeneza. Nililokuwa nimekuja kukwambia, kwamba unapata mjukuu, nililisema mbele ya jeneza, mbele ya watu, na sikuona haya.

Mtoto ni wa kike, Tata. Tumemwita Asiimwe. Kila anapocheka naumia, kwa sababu huo ni uso ambao hukuupata kwa macho wala kwa kamera. Najifunza kupiga picha mwenyewe. Ninapokosea, kinywa changu hukuita kabla sijakumbuka.

Mama alikataa picha tangu msibani. Alisema aliyekuwa akimpiga picha ameondoka, basi imetosha. Jumapili hiyohiyo niliyofungua begi tulimbatiza Asiimwe, nikawapiga picha wageni wote kwa kamera yako bila kumgusia mama. Wageni walipokuwa wakila, mama alitoka chumbani amevaa gauni lake la Krismasi, akaketi mbele ya nyumba, akanyoosha mikono apewe mtoto.

"Nipige naye," akasema. "Akikua ataniulizia."

Picha ikatoka na ukungu kidogo. Nikamwomba tuirudie. Mama akaitazama kwenye kamera muda mrefu, akakataa. Alisema ni sisi hasa, ndivyo tulivyo mwaka huu.

Lala salama, Tata. Huku tunaendelea kama tunavyoweza.

Ni mimi, binti yako wa mwisho,
Mama Asiimwe