Mama, Mguu Wangu Haukuliwa na Mtu

Mama,

Shikamoo. Najua kaburi halirudishi marahaba, lakini wewe ndiye uliyenikataza kuanza maneno na mkubwa kabla ya kumsalimu, na ulimi umezoea.

Hapa Mwabungo tuko wazima wa mwili. Nyumba yako imesimama bado, ingawa makuti ya upande wa jikoni yameoza na mvua inaingia. Mjomba Hamisi amehamia chumba cha mbele. Mimi nilikuwa ninaendelea kupiga pasi mashuka katika hoteli ile ya Diani, mpaka nyonga iliponikataa. Nikisimama kwenye meza ya pasi, maumivu yanaanzia kiunoni yanateremka hadi gotini, tena upande wa mguu mzuri, si ule mfupi. Msimamizi wetu, kijana wa bara, akaniambia, "Mathe, umeanza kupinda kabisa. Enda hosi kwanza, job itakungoja." Haikuningoja. Lakini hospitali nilikwenda, na nililoambiwa huko ninalala nalo, ninaamka nalo. Nimetafuta wa kumwambia nikaona hakuna linayemhusu kama wewe.

Nilikwenda Msambweni. Daktari alikuwa mwanamke, na kwa lafudhi yake nilijua ni mtu wa huku huku kwetu. Alinisimamisha bila viatu, akaniwekea mikono kiunoni kama mtu anayepima mzigo umekaa vipi kichwani. Kisha akaanza kupanga vipande vya mbao chini ya unyayo wa mguu mfupi, kimoja juu ya kingine, mpaka akasema, "Hapo. Sasa uko sawa." Mama, nilikuwa sijawahi kusimama sawa tangu nipate akili zangu. Nilihisi kama ninaanguka. Nikamshika bega nisiende chini.

Baada ya picha ya mifupa alinikalisha, akaliona lile kovu pana juu ya goti langu. Akauliza, "Ulipokuwa mdogo uliwahi kuugua goti?"

Unakumbuka, Mama. Nilikuwa ndio kwanza nimeanza shule. Homa ilinishika, goti likavimba likang'aa kama dafu, na nikiguswa hata na shuka ninapiga yowe. Ulinibeba mgongoni ukizunguka uani, ukiniimbia huku sauti inakukatika. Goti lilipopasuka likatoa usaha, ulilikanda kwa maji ya chumvi na mafuta ya nazi, ukalia mpaka ukakauka. Yote hayo nilimweleza yule daktari, naye alisikiliza bila ya kunikatiza.

Akaniambia kwamba mfupa wa mtoto haurefuki kila mahali. Unarefukia kwenye ncha zake, karibu na viungo, mahali palipo laini bado. Vijidudu viliingia kwenye damu yangu, pengine kwa kidonda tu, kile cha mtoto anayekimbia pekupeku, vikatua pale karibu na goti. Usaha ukapaharibu pale pa kukulia. Goti likapoa, kidonda kikafunga, lakini mfupa ukawa hauna tena pa kurefukia. Mguu wa pili ukaendelea na safari yake.

"Mguu wako haukupungua, dada," alisema. "Ulibaki nyuma."

Nilimwuliza lile lililokuwa limenikaa kooni: hakuna mtu anayeweza kumfanyia mwenziwe jambo kama hili? Hakucheka. Alisema ameona wengi wenye miguu isiyolingana. Yupo anayezaliwa nayo. Yupo ambaye nyonga ilikuwa imetoka mahali pake tangu uchangani na hakuna aliyetambua mpaka alipoanza kutembea. Mtoto akivunjika paja, mfupa ukaungana huku umepandana, mguu unatoka mfupi. Zamani polio iliwalemaza wengi. Wapo hata wenye miguu iliyo sawa kabisa, ila mgongo umepinda na kiuno kimelala upande, ukiwatazama utaapa mguu mmoja ni mfupi. Na wengi wetu, alisema, tuna tofauti ndogo ambayo tunaishi nayo na kuzikwa nayo bila ya kuijua. "Mkono wa mtu," akasema, "huo sijauona."

Lau ningepelekwa mapema nikapewa dawa ya kuua vile vijidudu, huenda mfupa ungesalimika. Sikulaumu, Mama. Ulinipeleka ulikojua.

Ulinipeleka kwa yule mganga wa upande wa Kinango. Nilikuwa mapajani pako alipouliza, "Nani alimpima mtoto huyu? Aliyeupima mguu ndiye anayeula." Nilihisi mwili wako wote unakakamaa. Kwani aliyekuwa amenipima ni mdogo wako, mama mdogo Mejumaa, aliyekuwa na cherehani yake barazani na hakujaaliwa mtoto. Kabla ya Idd alinipima kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo, anishonee suruali ya kuvaa chini ya gauni. "Simama wima, kipenzi cha mama mdogo," alisema. Kisha homa ikaja.

Ulikwenda mlangoni pake ukamtaja mbele ya majirani. Nilisikia kila neno. Watu wakaacha kumpelekea vitambaa, wakawaficha watoto wao akipita. Asubuhi moja banda lake la jiko likakutwa limeungua, na hakuna aliyesema ni nani aliyelichoma. Akabeba alichoweza akaenda Vanga.

Lakini hata alipokwisha kuondoka hukupoa. Kila Idd ulinivisha nguo mpya, ukaona pindo limepanda zaidi upande mmoja, ukasema, "Anaendelea kuula. Hata huko aliko anaendelea kuula." Mama, ule mguu haukuwa unaliwa. Ni huu wa pili uliokuwa unakua. Kila mwaka ulikuwa unapata ushahidi mpya juu ya ndugu yako, na ushahidi wenyewe ulikuwa ni mimi, mwanao, ninarefuka.

Ulinipenda, wallahi sina shaka. Ulinikanda, ulinivuta ule mguu kila asubuhi ukidhani utaurudisha, ulipigana na watoto wa watu walioniita kiguru. Na kwa mapenzi hayo hayo ukamzika mtu hai. Ulipokuwa unakata roho ulinishika mkono ukasema, "Mejumaa asiitwe. Asinioshe." Hakuitwa.

Basi nilikwenda kumtafuta. Kutoka Lunga Lunga nilipanda bodaboda, na barabara ya Vanga unaijua ikinyeshewa, mahali pengine niliteremka nikatembea kwenye tope na nyonga yangu hii. Nilimkuta mlangoni pa kibanda anashona makuti. Cherehani hana. Jirani yake aliniambia hajapata kumwona akimpima mtu nguo, hata mtoto anayeletwa kwa bembelezo.

Aliutambua mwendo wangu kabla ya uso. Akajifunika leso. Nikasogea nimbusu mkono, akaurudisha nyuma.

"Usinikaribie, mwanangu. Nisije nikakuongezea."

Nilikaa chini mbali kidogo, nikamweleza kila kitu kama nilivyoelezwa, goti, usaha, mfupa unavyokua. Nilimwambia, "Mama mdogo, si wewe. Haikuwa wewe hata kidogo." Nilidhani atalia kwa furaha. Njia nzima nilikuwa nimejitayarishia kilio chake, nilijua hata nitakavyomkumbatia.

Akauliza, "Huyo daktari anamjua mamako?"

"Hapana."

"Basi hajui. Mamako si mwongo. Tumenyonya ziwa moja. Angenitaja vile mbele za watu kama halikuwa kweli?"

Nikamwambia ulikosea tu, ulikuwa na uchungu wa mtoto. Akatikisa kichwa. Kisha akaniambia neno ambalo ninalibeba tangu siku ile. Alisema siku aliyonipima, amepiga magoti mbele yangu, alisema moyoni mwake: lau huyu angekuwa wangu.

"Hilo ndilo lililokula mguu wako," akasema. "Kijicho changu. Sikujua kama ninacho, mamako ndiye aliyekiona. Ninatubu mpaka leo."

Ujana wake wote, Mama. Amekaa pale anatubia kunipenda.

Halafu akauliza kama wewe umekwisha kuambiwa haya ya daktari. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuna aliyempelekea habari. Nikamwambia umetutoka, tangu kabla ya Ramadhani iliyopita. Sindano ilisimama kwenye kuti. Akasema inna lillahi, taratibu, kama mtu anayesoma neno geni. Kisha akasema, "Basi hakuna tena wa kunifungua," akaendelea kushona.

Nilimsihi arudi nami Mwabungo. Alikataa. Alisema nitoke kabla maji hayajajaa njiani, na nisije tena.

Niliporudi nilimwambia Mjomba Hamisi awaite wazee na jamaa nizungumze mbele yao, jina la mama mdogo litolewe lilipowekwa. Akanitazama kama niliyetukana. "Unataka kumfedhehesha mamako na yuko ardhini? Yaliyopita yamepita." Tangu siku hiyo ananijibu salamu kwa kichwa. Mama, yamepita kwa nani? Huko Vanga bado ni siku ile ile.

Daktari ameniandikia kiatu chenye soli ya kuinuliwa. Amesema nyonga haitarudi ilivyokuwa, ila haitazidi haraka. Sijakwenda kukichukua. Sioni kwa nini nisimame sawa mimi peke yangu.

Wakati mwingine ninakuja kaburini nikupazie sauti. Nikifika ninaondoa majani tu, ninarudi nyumbani. Laiti ungekuwa hai hata kwa muda wa kunywa chai, nikubebe, nikupeleke Vanga, useme maneno mawili tu. Yeye anakuamini wewe. Daktari hamwamini, mimi haniamini. Anakuamini wewe, na wewe huwezi kusema.

Sasa ninakuaga, kalamu imekuwa nzito. Ninakuahidi hili: amenikataza kurudi, nami nitarudi. Nitakaa pale pale mbali kidogo anaponitaka nikae, nimwambie tena, na akikataa nimwambie tena, na siku atakayokufa nitamwosha mimi kwa mikono yangu. Kama wazee hawatakaa kunisikiliza, nitalisema barazani, barabarani, msibani, popote watu walipokusikia ukimtaja. Jina lako litaguswa, Mama. Sina namna ya kulisafisha lake nisiguse lako.

Kila baada ya sala huwa ninainua mikono nikuombee. Leo niliinua ikashuka yenyewe. Nivumilie. Alfajiri nitajaribu kuiinua tena.

Mwanao,
Nimwaka