Koinonia Jikoni Kwetu Temeke

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nilipanga nije kaburini Jumapili nikusimulie, lakini nimeshindwa kungoja. Leo nimewafundisha vijana wa chuo cha uinjilisti lile neno lako, koinonia, na nimejikuta narukaruka mbele ya ubao, chaki imenijaa hadi puani.

Unakumbuka siku lilipokuingia? Ulikuwa karani wa bohari, Kigiriki ulijifundisha kwa kitabu alichokuachia padri aliyerudi kwao, na mwanafunzi wako pekee nilikuwa mie, nasonga ugali huku nakariri alfa, beta. Ukaingia jikoni mbio, shati nje, ukasema koinonia ni kushiriki pamoja kitu kimoja. Tena ni nomino ya jinsia ya kike, ukamtania Mama kwamba Wagiriki walilitunga wakimfikiria yeye. Ukanionyesha jinsi nomino inayoifuata inavyobadili mwisho wake, tujue kinachoshirikiwa ni nini: koinonia ya mkate, yaani wote mnaula mkate huohuo.

Ghafla ukatazama sahani yetu. Kwetu wanaume mlikula sebuleni, Mama na mie jikoni, na samaki aliyetufikia mara nyingi alikuwa kichwa tu. Redio ilihubiri Ujamaa kutwa, wewe mwenyewe ulikuwa balozi wa nyumba kumi, na hakuna aliyeona kasoro.

Ukalibeba sinia la sebuleni ukalileta mkekani petu. Nilitamani kupiga vigelegele! Mama aliona haya, akakusihi ulirudishe, maana kaka yako, Baba Mkubwa, alikuwa mgeni wetu na alikwisha kunawa. Baba Mkubwa akasimama mlangoni, akasema hajapata kula na wanawake, na kesho yake angerudi bara asikanyage tena kwako. Niliogopa. Nilijua unampenda kuliko ndugu zako wote, na ukimfuata sebuleni, sisi basi tena. Hukubishana naye. Ulisogea tu.

"Kaka, nafasi yako hii hapa, karibu na mtoto."

Alisimama mpaka ugali ukaanza kupoa. Kisha akaketi, akachambua mnofu wa samaki, akauweka mbele yangu bila kunitazama.

Baba, nina furaha hadi mwandiko unapinda. Kuna jambo hukuwahi kulijua, kwa kuwa ulitangulia. Baba Mkubwa alipozeeka nilimtunza mimi. Hadi siku yake ya mwisho, hakumega tonge kabla sijaketi.

Pumzika, Baba yangu.

Binti yako, mwanafunzi wako wa kwanza