Nafasi Iko, Fundi

Fundi wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo nisamehe mwandiko. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mkono wenye hasira haunyooshi herufi. Leo nimeharibu karatasi mbili kabla ya hii.

Wacha nianze na aibu yangu, nikwambie mwenyewe. Kile kibao chako cha mlangoni pale Munuki, kile cha NAFASI IKO, hakipo tena. Nimekifuta mimi. Kwa brashi yako.

Si unakumbuka tulivyogombana juu yake. Nilikuwa nimetoka shule Kenya, nimerudi Juba na Kiswahili changu cha mtihani, nikakukuta wewe, mchora vibao kutoka Gulu, umeandika kosa kubwa kuliko mlango wenyewe. Siku ya kwanza tu nikakurekebisha: ni ipo, Fundi, si iko. Ukanitazama juu ya miwani. "Watu inasoma, inaelewa, inaingia. Sasa kosa iko wapi, binti?" Miaka yote niliyokuwa mwanafunzi wako sikukuachia, na wewe ukanibandika jina la Mama Sarufi mbele ya wateja.

Na watu waliingia kweli. Pale petu palikuwa stoo ya zamani ya simiti tu, mabati yanavuja, vumbi mpaka ndani ya chai, lakini nani aliwahi kufukuzwa? Wapiga ngoma asubuhi, akina mama wa shanga kando ya ukuta, kwaya ya kanisa lenu ikigombania saa na waigizaji. Aliyekuwa na chochote alileta: mtungi wa maji, mkaa, ufagio na mgongo wa kuinama. Asiye na kitu alikaa tu. Mwenye stoo, yule mama mzee, alikuachia kwa neno la mdomo kwa sababu uliandika jina la mumewe vizuri kwenye msalaba wa kaburi. Neno la mdomo, Fundi! Mtu aliyeandikia nusu ya maduka ya Juba, hilo moja hukuliandika. Hapo nimekukasirikia, na nitakukasirikia bado.

Unajua ulivyoliliwa? Ule mchezo wetu wa msiba, waigizaji walilia vizuri mpaka majirani wakaja mbio na viti na chupa ya chai, na wewe ukacheka ukashika mbavu. Basi siku homa ilipokuchukua tulilia palepale, tukalia kweli, na hakuna jirani hata mmoja aliyetoka. Walidhani ni mazoezi. Mama Keji wa duka la kona alikuja mchana kuuliza mchezo utaonyeshwa lini. Nilimjibu vibaya sana. Sijamwomba msamaha mpaka leo.

Baada ya hapo wana wa yule mama mwenye stoo wakaikabidhi kwa shirika fulani. Jina silitaji, halina maana. Walituita hotelini, tukala kuku, tukaandika majina, tukapigwa picha. Wakasema watajenga kituo cha wasanii, nafasi ya bei nafuu kwa kila mtu. Nilikuwa mstari wa mbele, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Jameni, mimi!

Walipomaliza kujenga wakanitafuta nipake kibao upya. Msimamizi wao ni dada wa Kenya, mpole, Kiswahili chake safi. Akaniambia, "Tumependa hilo jina, tutaliacha. Ila hiyo 'iko' si sanifu, tuweke 'ipo'." Fundi, nilifurahi. Baada ya miaka yote ile mtu amenipa ushindi! Nilipaka nyeupe juu ya herufi zako bila kusita, nikaandika NAFASI IPO, nikarudi nyuma hatua tatu kama ulivyonifundisha, nikaona imenyooka. Nikajisifu mwenyewe pale barabarani.

Juma lililofuata nikawapeleka wapiga ngoma na kwaya. Mlinzi akatuzuia mlangoni. Wanataka cheti cha usajili, barua ya benki, na fomu ya Kiingereza. Wapiga ngoma wetu cheti chao ni sugu za viganja. Na mimi? Rangi hairuhusiwi ndani, eti itaharibu vigae. Kituo cha wasanii, rangi hairuhusiwi! Nikamwambia mlinzi atufungulie tu, tutakaa kando. Akatikisa kichwa. "Mafi makan," akasema. Hakuna nafasi. Nyuma yake ukumbi mtupu, feni zinapepea viti. Na juu ya kichwa chake herufi zangu, nzuri, sanifu, hazina kosa hata moja.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Iko yako watu waliisoma, wakaingia. Ipo yangu ni sanifu na haimwingizi mtu. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa tuko Gurei, pembezoni mwa mji, uani kwa shangazi yangu. Tumesimamisha rakuba, miti sita na nyasi juu, mvua ikija ya upande tunalowa sote. Mama Keji hajafika, ni mbali na labda bado ana kinyongo. Kwaya imepungua nusu. Sitakudanganya kwamba ni kama zamani. Si kama zamani.

Jana waigizaji walirudia ule mchezo wa msiba. Majirani wapya wakaja mbio na chupa ya chai, wakatukuta tunalia, tukawaeleza ni mazoezi, wakacheka. Mimi nilishindwa kunyamaza. Wenzangu waliendelea kucheka na mimi naendelea kulia, mpaka shangazi akaja kunishika bega.

Kesho nitaomba usafiri mpaka Munuki nikamwombe Mama Keji msamaha. Na kibao kipya nimeshakichora, kwenye bati kuukuu, kwa brashi yako ileile. Herufi ya mwisho imepinda. Shangazi amekisoma, akauliza kama mimi niliyesoma Kenya nimesahau Kiswahili. Nimemwambia aache vilevile.

Lala, Fundi. Nakuahidi hilo neno hataligusa mtu nikiwa hai, na mimi wa kwanza. Nafasi iko.

Mwanafunzi wako,
Mama Sarufi