Medard, usiagize ile chipu ndogo

Medard usiagize ile chipu ndogo!! Umeshaagiza? Subiri kwanza

Aisee leo nimeumbuka mbele ya Sista Aika wa zahanati. Alikuja nyumbani kuona mashine yetu ya kupima moyo, akiikubali atuachie tuijaribu pale kwake

Nikamkalisha shemeji Atuganile, nikambandika nyaya mikononi. Mawimbi yakatoka kwenye simu, safi kabisa. Namwambia sista "unauona moyo huo?"

Mara mzee akaingia bila hodi. Na unamjua mzee na mila zake, mke wa mwanawe hatakiwi kabisa kuonana naye. Shemeji alitoka mbio mlango wa nyuma mpaka migombani, nyaya zote chini

Mimi macho kwenye simu tu. Nikasema "mapigo yamepanda kidogo, ana wasiwasi"

MAPIGO YAMEPANDA mwanangu!! Mtu mwenyewe hayupo!!

Sista akaniuliza polepole "kijana, mgonjwa yuko migombani, huu moyo ni wa nani?"

Kumbe hii chipu ndogo niliyoazima, nyaya zikiwa chini inanasa umeme wa ukutani na kuuchora kama moyo. Waya ukitoka yenyewe haijui. Na ni mimi niliyeing'ang'ania, eti ina miguu michache, rahisi kuunga kwa lehemu

Sista akaondoka anasema "mkileta inayojua mgonjwa ameondoka, njooni. Hii itaniambia maiti ni mzima"

Agiza ile yenye miguu mingi, inayopiga kelele waya ukitoka. Vidole viungue tu nikiilehemu

Shemeji bado yuko migombani, mzee kaomba chai