Mama, Ile Barua ya Kuomba "Assistance"

Mama yangu uliyelala Werugha,

Nakuandikia hadharani kwa sababu sifa niliyoila niliila hadharani.

Unakumbuka miaka ile ya hamsini, toroli la mkonge liliposaga mguu wa baba kule shambani Voi, akaletwa nyumbani kwa machela? Akatumiwa habari kwamba asiporudi kazini mwisho wa mwezi, jina lake litafutwa. Aliyesoma pale nyumbani nilikuwa mimi, na kichwa kilikuwa kimevimba kweli kweli! Nikasema mkubwa wa ofisi ya shamba haambiwi "tusaidie" kama jirani. Huyo anaombwa "assistance". Maana yake ni msaada tu, lakini msaada wa kiofisi, uliovaa tai. Nikaliandika neno hilo mara tatu katika barua, pamoja na salamu nyingi.

"Umemwambia tunataka nini?" ukauliza.

"Ah, mama! Kwani mtu huanza hivyo?"

Kwetu milimani hakuna anayeanza hivyo. Unafika kwa mtu, unasalimu, unasema umekuja kusaidiwa, unanyamaza, na mwenye nyumba ndiye anayekuuliza una shida gani. Nikaandika vivyo hivyo kwa Kizungu, nikangoja ofisi iniulize. Nayo ikanyamaza.

Wiki ya tatu ukatuaga kwamba unakwenda kumwona mama mdogo kule Mwatate. Ukarudi baada ya siku sita, miguu imevimba, na habari njema: baba amepewa kazi ya kukaa, kulinda geti. "Ni barua ya binti yangu hiyo!" ukawatangazia wanawake kisimani. Loo, nilivyoringa! Kijiji kizima kikaanza kuniletea barua zao, na kila moja nikaitia assistance.

Jana, baada ya kukuzika, baba akaniambia. Mwatate ulipita bila kusimama, ukateremka mpaka Voi kwa miguu. Barua yangu ilitafutwa, haikuonekana. Karani akakuuliza shida yako, nawe ukaiweka kando adabu yote ya kwetu: "Mguu wa mume wangu uliumia hapa. Mpeni kazi ya kukaa." Ukakaa kwenye ngazi zao siku mbili ukirudia hilo hilo.

Na sifa yote ukaniachia mimi, mama, nisije nikaona haya! Nimelia mpaka sauti imekauka. Basi wote wasikie: aliyemwokoa baba ni wewe, na sikuwahi kukuambia asante.

Binti yako wa kwanza